Chupa Kando ya Maziwa

Jumatatu, 24 Novemba

Goti la kushoto la mwanangu Kibet limeamka limevimba tena. Moto kama chapati. Nimeweka barafu, nimefunga bandeji, nimerudi kwa cherehani. Dawa sijamdunga. Kwenye friji kuna chupa moja tu, kando ya maziwa, na hiyo ni ya siku ya hatari. Goti si hatari, goti ni maumivu tu. Ni rahisi kusema hivyo wakati goti si langu.

Sare za Januari zimeanza kuja. Kila mzazi wa Elburgon anataka suruali ya kijivu na anaitaka jana. Za Kibet nashona kwa njia yangu, na sponji ndani ya magoti, tangu alipoanza kutambaa. Alipokuwa mdogo alidhani suruali zote duniani zina sponji.

Stima imepotea mara mbili leo. Ikipotea nafungua friji kuangalia chupa, kisha najigombeza kwa kutoa baridi nje.

Alhamisi, 27 Novemba

Kliniki, Nakuru. Daktari amesema lile neno nililongoja mwaka mzima. Kibet anaweza kutahiriwa Desemba hii, hospitalini, tarehe kumi. Kwa sharti moja. Dawa ya kugandisha damu iwe imefika yote, ya kabla ya kisu na ya siku zote za kupona, iwekwe kando kwa jina lake. Ikipungua hata kidogo, hakuna kisu. Alirudia, na mara ya pili alikuwa anamwangalia Kibet machoni.

Serikali ndiyo inalipa. Zamani, kabla ya huu mpango, tulinunua dawa kidogo dukani mjini na ng'ombe wetu akaenda nayo. Siku hizi silipi, nangoja. Kibali kitoke Nairobi, dawa itoke bohari, gari la baridi lipatikane. Kungoja ndiyo bei yenyewe. Ni nafuu, nisiwe mtu wa kulalamika. Lakini nangoja vibaya.

Kibet aliomba soda. Nilimnunulia mbili.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya kanisa, baba mkwe wangu, Mzee, alitungoja langoni amevaa koti lake la harusi za watu. Wanaume wamekubaliana. Vijana wa rika la Kibet wataingia jandoni Jumamosi alfajiri, kule juu karibu na msitu. Kibet yumo. Blanketi lake limeshanunuliwa.

Nilimwambia daktari amepanga tarehe kumi, hospitalini. Alicheka, si kwa ubaya.

"Mama Kibet, mifupa na jando vinajuana wapi?"

Kwake ni mifupa. Kwa ukoo wote ni mifupa. Ndivyo tulivyowaambia mimi na mume wangu Rotich tangu mtoto alipoanza kuvimba. Si mifupa. Ni damu, haigandi. Hemofilia. Kwa Kibet ilipitia kwangu, na kwetu najua ilipopita. Kaka yangu Kipkoech aliingia jandoni akiwa kijana mzima, hakutoka. Alivuja damu mpaka ikaisha. Watu wakasema kuna kitu alikosea, wengine wakasema nyumba yetu ina laana. Mama hakutaja jina lake tena mpaka akafa. Nilikuwa mdogo, nakumbuka godoro lake likichomwa. Nikaja kuolewa huku na mdomo wangu nimeufunga.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo naijua, hakuna haja ya mtu kunisomea. Rotich alisimama hapo hapo kando yangu akiangalia viatu vyake. Mume wangu anaendesha lori la mbao milima yote hii bila woga, lakini mbele ya baba yake hata honi hapigi.

Jumanne, 2 Desemba

Sista wa kliniki amepiga simu. Sehemu kubwa ya dawa imefika, imewekwa kando kwa jina la Kibet, iliyobaki iko njiani. Nilimshukuru mpaka akaanza kucheka. Nimeimba mchana wote. Nimeshona mguu mmoja wa suruali ndani nje na nimeufumua bado naimba.

Nimemwambia Rotich azungumze na baba yake leo. Amesema kesho.

Alhamisi, 4 Desemba

Sista tena. Mtoto mdogo kutoka Gilgil ameanguka akaumia kichwa. Damu ndani. Ugonjwa ni huu huu wetu. Wametumia dawa ya Kibet, yote.

"Mama, hatungengoja," alisema. Nikasema ndiyo, asante kwa kunijulisha. Sauti nzuri kabisa, kama mtu anayeambiwa posta imefungwa.

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nimemchukia mtoto ambaye hajaanza hata shule. Nimemchukia mama yake na kujiuliza kwa nini hakumshika vizuri. Baadaye nikakumbuka jinsi mimi nilivyomshika Kibet, na bado alianguka. Chuki haikuisha, ila iliona haya.

Kibet alinisikia kwenye simu. Hakula chakula cha jioni.

Ijumaa, 5 Desemba

Rotich amepeleka mbao Nairobi, hatarudi kabla ya kesho jioni. Na baba yake hakuzungumza naye bado. Nina mume wa kesho.

Wenzake Kibet wamepita barabarani wakiimba. Kiplimo wa jirani alisimama kwa lango letu akamwita, na mimi ndiye niliyetoka. Kijana wa watu aliniangalia kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kibet aliniuliza, "Mum, hawa wakitoka kule, mimi nitakuwa nani?"

Nilimwambia angoje kidogo, wiki moja au mbili. Akasema namwambia angoje tangu azaliwe. Angoje mpira, angoje baiskeli, angoje kupanda miti. Ni kweli. Wanaoingia pamoja huitana kwa rika lao mpaka uzeeni, na anayebaki nje hubaki kwenye mdomo wa watu. Nilimpaka mafuta goti.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika kabla sijavua viatu.

Niliamka jogoo akiwika, nikaona kitanda chake kitupu. Nikafungua friji. Maziwa yapo. Chupa haipo. Sindano na maji yake ya kuchanganyia pia havipo.

Nilielewa papo hapo. Kibet amewahi kuona chupa moja ikituliza goti, kiwiko, hata jino lililong'oka. Akadhani chupa moja itatosha kisu. Daktari alimwambia mara mbili, lakini umri ule husikia unachotaka.

Mwanamke hakaribii mahali pale. Nilikimbia kwa Mzee, nikamkuta mlangoni amevaa tayari kupanda. Nikasema yote bila salamu. Kwamba si mifupa, ni damu. Kwamba chupa aliyobeba haitoshi hata kidogo. Kwamba Kipkoech wetu alikufa na damu hii hii. Kwamba Kibet akikatwa leo tutamzika.

Hakuniuliza swali hata moja. Alinishika bega kidogo, akachukua fimbo, akaenda. Mzee ambaye hupanda kile kilima akipumzika kila penye kivuli, leo hakupumzika.

Nilimfuata mpaka ua wa mwisho, pale ambapo wanawake huishia. Nikashika nguzo. Juu walikuwa wakiimba. Niliomba wimbo ukatike, na niliogopa ukatike, kwa sababu sikujua utakuwa umekatwa na nini. Mwanga ulianza kuja. Wimbo ukakatika.

Niliomba kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Aliyeshuka ni Kimutai, mdogo wake Rotich, yule wa kiwanda cha mbao. Alisimama mbali nami.

"Mama Kibet, hajaguswa. Mzee alifika."

Nikakaa chini kwenye umande.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda kanisani. Rotich alikwenda kwa baba yake, akarudi macho mekundu. Sikumuuliza, sikumpoza.

Alasiri Mzee mwenyewe akaja. Alikataa chai, nikajua ni mambo mazito. Nilijiandaa kuitwa kila jina. Hakuniita jina lolote. Alisema dawa ingojewe, na daktari ndiye atakayemkata. Lakini kijana amenyolewa na kufunikwa blanketi, ameshaingia. Hawezi kurudi kwenye nyumba ya mama yake kama mtoto. Atakaa kwake, Mzee, na Kimutai ndiye mlezi wake wa jando. Mimi nisimwone mpaka atakapotoka. Hata hospitalini.

Nilitaka kubisha. Goti hilo ni langu. Kiwiko hicho ni changu. Nani mwingine anajua kwamba uvimbe wake huanza kwa kuwasha kabla haujaonekana? Nilifungua mdomo, nikamwona Mzee jinsi alivyochoka, miguu yake bado ina matope ya jana. Nikaufunga.

Alipofika mlangoni alisimama.

"Kwa hivyo yule kaka yako hakukosea kitu."

Nikasema, "Hapana, Baba. Hakukosea."

"Tulisema vibaya," akasema, akaenda zake.

Nimemlilia Kipkoech leo. Sijawahi kumlilia. Natamani Mama angekuwepo asikie.

Jumanne, 9 Desemba

Kimutai alirudisha chupa, ameifunga ndani ya soksi. Iko mahali pake, kando ya maziwa.

Alikuja pia kujifunza sindano. Mikono yake hubeba magogo, vidole ni vinene kama mihogo. Sikuwa na mtu wa kumfundishia ila mimi. Nilikunja mkono wa sweta, nikajifunga kamba, nikamwonyesha mshipa. Hatukuingiza kitu, ni kutafuta mshipa tu. Alinichoma pasipo, akanichoma pasipo tena, kisha damu ikaonekana kwenye kimpira cha sindano na yeye akakaa chini ghafla, uso umetoka jasho. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Usiwaambie kule kiwandani," alisema.

Tumerudia mpaka ameweza. Mkono wangu una madoa ya bluu kama wa Kibet. Nimeyaangalia sana.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu, ofisi zimefungwa. Tarehe kumi ilipita kimya kimya. Sista anasema kibali kimekwama, mtambo wa kompyuta wa Nairobi uko chini. Kila siku mtambo uko chini. Ningekuwa nao hapa ningeufumua kama pindo.

Habari zimeenea. Sokoni mama mmoja alinyamaza nilipofika kwenye viazi vyake, na nilijua ananyamazia nini. Niliuliza bei kwa sauti kubwa zaidi. Mwingine akanifuata mpaka njiani, akanishika mkono, akaniuliza hiyo kliniki iko wapi. Mtoto wa dada yake huvimba hivyo hivyo. Nilimwandikia kwenye mkono wake kwa chaki yangu ya kushonea, kisha nikaona ni ujinga, itafutika. Nikamwelekeza kwa mdomo mpaka akashika.

Hasira yangu haijui imkalie nani. Serikali inalipa, wauguzi wanajitahidi, mtoto wa Gilgil alikuwa anakufa. Hakuna wa kugombana naye. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumatatu, 15 Desemba

Kimutai alikuja mbio kuchukua barafu. Kiwiko cha kulia. Nilimuuliza kilianza kuwasha lini. Hakujua. Nilimuuliza kina joto kiasi gani. Alijaribu kueleza kwa mikono. Nilivaa viatu niende, nikafika ua wa Mzee, nikasimama. Nilisikia Kibet akikohoa ndani. Kikohozi changu kabisa, kile cha vumbi. Kati yangu na yeye ni ukuta wa mbao ambazo baba yake alizileta kwa lori.

Sikuingia. Sijui ni heshima au ni woga. Nilichukia vyote viwili.

Nilimwambia Kimutai atumie chupa. Alienda nayo ameishika kwa mikono miwili. Alirudi akaniambia ameupata mshipa mara ya kwanza. Baada ya muda akarudi tena, kiwiko kimetulia.

Sasa friji ina maziwa tu. Nimeifungua mara nyingi leo, bila sababu.

Jumatano, 17 Desemba

Dawa imefika, yote. Sista ameniambia amehesabu mwenyewe, na amefunga sanduku kwa plasta na kuandika jina. Kesho asubuhi.

Wameondoka mchana na gari la jirani, Mzee mbele, Kimutai na Kibet nyuma, kijana amefunikwa blanketi kichwani. Nilifungiwa jikoni mpaka gari likapita. Nilijifungia mwenyewe, kusema kweli. Niliona pindo la blanketi tu kupitia ufa.

Rotich atanipeleka kesho na lori. Amemwambia bosi wake hataenda Nairobi. Hakuniuliza kwanza, amesema tu. Nilimwekea nyama kubwa.

Alhamisi, 18 Desemba

Benchi nje ya wodi, Nakuru. Nimeshona hapa kola nzima kwa mkono na sijui kama iko sawa.

Mzee alikuwa amewapa wauguzi masharti yake. Wanawake wasimwone kijana. Sista alitoka akiwa amejishika kiuno.

"Mwambieni mzee hapa ndani mimi si mwanamke, mimi ni sista."

Mzee alifikiri sana, akakubali. Mimi tu ndiye niliyebaki mwanamke.

Waliingia naye. Nikaanza kuona mambo. Godoro. Moshi. Rotich alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajafanya tangu harusi, na mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

Mama mmoja alikuwa anatembeza mtoto kwenye varanda, kichwa kimefungwa bandeji. Mtoto alitaka kukimbia na yeye anamshika kwa nyuma ya shati. Nilijua kabla sijauliza. Anaitwa Mama Njoroge, ametoka Gilgil. Alikaa kando yangu akaniambia kila kitu, jinsi alivyoanguka kutoka kitandani, jinsi dawa ilivyopatikana siku hiyo hiyo, kwamba Mungu aliiweka pale ikimngoja mtoto wake. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ningeweza kumwambia. Njoroge alikuwa ameshika uzi wangu na kuula. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa inamngoja.

Nilipima kiuno cha Njoroge kwa futi yangu ya kushonea. Mama yake alishangaa. Nikamwambia nina kitambaa kilichobaki, na najua suruali inayomfaa.

Daktari alitoka kabla ya saa sita. Alikuwa anatabasamu. Damu imesimama. Mzee alivua kofia. Mimi nilienda kutapika nyuma ya tangi la maji, kisha nikarudi nikala mandazi ya Mama Njoroge.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi kwenye nyasi za hospitali. Bado wanamdunga kila siku, na usiku bado naamka nikiota shuka jekundu. Leo hata hivyo bandeji ni kavu. Jana kavu.

Nilimpa Kimutai wali na kuku ampelekee Kibet. Alirudi na sufuria tupu na ujumbe. Sista amemfundisha Kibet kujidunga, na leo asubuhi amejidunga mwenyewe, Kimutai akiwa amegeukia ukuta.

Nilifurahi. Kisha kitu kingine kikaja nyuma ya furaha na kukaa. Sitakipa jina siku ya Krismasi.

Njoroge ameenda nyumbani. Suruali inamtosha. Alipiga magoti makusudi kwenye saruji kujaribu sponji, mama yake akapiga kelele, yeye akacheka.

Jumatatu, 5 Januari

Walitoka jandoni juzi, wote pamoja. Mzee aliamua wenzake wamngoje Kibet, na wazazi wengine hawakubisha, hata wale wa sokoni. Kibet alisimama kwenye mstari kati ya Kiplimo na wengine, mrefu kuliko nilivyomwacha. Alinisalimu kwa heshima na mkono mmoja. Nilimwangalia goti. Mazoea.

Sasa analala kwenye chumba chake nje, karibu na zizi. Kijana aliyetoka jandoni halali kwa mama yake. Sare zimeisha, cherehani imenyamaza. Ya kwake nimeishona mwisho. Nilimuuliza kupitia Kimutai kama anataka sponji. Alinitumia jibu kwamba anataka, ila iwe nyembamba isionekane.

Leo asubuhi mlango wa jikoni ulibishwa. Nilidhani ni mteja. Alikuwa yeye, anangoja aambiwe aingie. Kibet, jikoni alimojifunzia kutembea. Nikamwambia karibu.

Alifungua friji, akachukua moja ya chupa tulizopewa Nakuru, kando ya maziwa, akaifunga friji vizuri baridi isitoke. Aliniuliza nimeamkaje. Nikasema vizuri. Alienda nayo chumbani kwake, na mlango wake ukafungwa polepole.

Nilibaki nimeshika kifuko cha barafu. Sijui nilikitoa saa ngapi. Nimekirudisha.